Kahawa na Chai: Uhalali Wake na Kiasi Chake

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuhalalishia vitu vizuri na kutukataza vilivyo viovu, na twamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake, na wote walioifuata njia yake.

Ama baada ya hayo, darasa yetu ya safari hii ni juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona ni dogo, wala halistahili kuandikiwa kurasa. Jambo lenyewe ni kikombe cha kahawa na kikombe cha chai. Lakini kitu anachokitia mtu mwilini mwake mara tano au sita kwa siku, kila siku ya umri wake, si kitu kidogo. Na aliyepewa amana ya mwili ataulizwa alivyoutumia.

Sababu iliyotufanya tulieleze jambo hili ni hii. Usiku mmoja, baada ya kwisha darasa ya tafsiri, sinia ya chai ilizungushwa kama ilivyo ada yetu. Mzee wetu mmoja akakishika kikombe chake, akakitazama, kisha akasema kuwa daktari amemwambia ana maradhi ya sukari, naye hakuyasadiki maneno hayo. "Mimi," alisema, "halua siili illa siku ya Idi. Soda sizijui. Tende nala tatu wakati wa kufuturu. Sukari hiyo imenijia wapi? Mimi ni mtu wa chai tu."

Kijana mmoja miongoni mwetu akamwambia kwa adabu, "Ami, niruhusu tuhesabu pamoja." Mzee akaruhusu. Vikombe viwili asubuhi pamoja na mahamri; kimoja saa nne akiwa dukani; viwili alasiri; na kimoja baada ya sala ya isha. Jumla vikombe sita. Akaulizwa, "Na sukari ni vijiko vingapi katika kila kikombe?" Mzee hakujua. Hakujua kwa sababu chai yetu hupikwa pamoja na sukari yake ndani ya sufuria, na mnywaji hapewi nafasi ya kukijua anachokinywa. Ikabidi aulize nyumbani. Usiku wa pili akaja na jawabu: vijiko vitatu kwa kikombe, na mara nyengine zaidi kidogo.

Basi tukahesabu. Vikombe sita kwa vijiko vitatu ni vijiko 18. Kijiko cha chai huchukua kiasi cha gramu 4 za sukari. Kwa hivyo ni gramu 72 kwa siku moja. Na kwa mwaka ni zaidi ya kilo 26, nayo ni zaidi ya nusu ya gunia la kilo 50. Mtu ambaye haonji halua illa siku ya Idi alikuwa akila nusu ya gunia la sukari kila mwaka, naye yakini yake ni kuwa sukari haimwingii.

Mzee akanyamaza. Na sisi pia tukanyamaza, kwani vikombe vilivyokuwa mikononi mwetu vilitoka katika birika lile lile.

ASILI YA KAHAWA NA KHITILAFU YA WANAVYUONI

Kabla hatujasema lolote juu ya madhara, yatupasa tuondoe shaka moja. Wako wanaodhani kuwa mwenye kuonya juu ya kahawa na chai anataka kuviharamisha. Sivyo. Mlango huo ulifunguliwa zamani na ukafungwa zamani, na inafaa msomaji akijue kisa chake.

Mti wa kahawa asili yake ni milima ya Uhabeshi. Lakini kinywaji chenyewe kilienea kwanza katika nchi ya Yemen katika karne ya 15, na walioanza kukinywa kwa wingi ni masufi, ambao walikitumia kuondoa usingizi ili wapate kukesha katika dhikri. Kutoka Yemen kikafika Makka na Misri. Na kwa kuwa neno kahawa kwa Kiarabu lilikuwa pia ni moja katika majina ya mvinyo, watu wengine waliingiwa na wasiwasi kwa jina tu, kabla hawajakiangalia kitu chenyewe.

Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa mji wa Makka upande wa dola ya Mamluki wa Misri, aliwakuta watu usiku karibu na msikiti wamekusanyika wakinywa kahawa. Akaikusanya baraza ya wanavyuoni, na matabibu wakatoa ushahidi wao kuwa kahawa ina madhara. Basi ikapigwa marufuku, na ikachomwa moto hadharani. Lakini habari zilipofika Kairo, amri iliyorudi ilikataza mikusanyiko mibaya, wala haikukiharamisha kinywaji chenyewe. Khitilafu haikwisha hapo. Mwaka 1558 Abdul-Qadir al-Jaziri alitunga kitabu kizima kuthibitisha uhalali wa kahawa. Na mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliyafunga majumba ya kahawa ya Istanbul. Lakini mwishowe rai iliyosimama kwa wanavyuoni wengi ni kuwa kahawa ni halali, kwani asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuviharamisha, na kahawa hailevyi wala haiondoi akili.

Ama chai, kwao ni China. Waingereza wakaipanda kwa wingi nchini India katika karne ya 19, na katika nchi yetu ya Kenya ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Leo mji wetu wa Mombasa una mnada wa chai ulio katika minada mikubwa ya dunia, na chai ya Kenya na ya nchi jirani hupita hapa kwenda kwa walimwengu. Hatukusikia kuwa mwanachuoni wa kutegemewa ameiharamisha.

Basi hukumu ni uhalali, na hatuna haja ya kuirejea. Kosa letu sisi liko pahala pengine. Sisi twadhani kuwa kitu kikishathibitika kuwa ni halali, basi maswali yote yamekwisha. Walakini Mola wetu alipotuamrisha kula na kunywa, papo hapo alitukataza kupita kiasi. Na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa ikiwa hapana budi, basi theluthi ya tumbo ni ya chakula, na theluthi ni ya kinywaji, na theluthi ni ya pumzi. Asali ni halali, na imesifiwa. Lakini mwenye maradhi ya sukari akiinywa kwa bakuli hapati thawabu, hupata maradhi. Uhalali hutuambia kuwa mlango uko wazi. Hautuambii tuingie mara ngapi.

FAIDA ZILIZOMO

Na kwa kuwa haki haifichwi, twaanza na faida. Ndani ya kahawa na chai mna kitu kiitwacho kafeini, nacho ndicho kinachochangamsha akili na kuondoa uzito wa usingizi. Kikombe cha kawaida cha chai huwa na kiasi cha miligramu 40 au 50 za kafeini, na kikombe kikubwa cha kahawa huwa na kiasi cha miligramu 90 au 100. Vile vikombe vyetu vidogo vya kahawa hukhitilafiana kwa kadiri ya unga uliotiwa na muda uliochemka. Taasisi ya Ulaya inayoangalia usalama wa vyakula ilieleza mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya hadhuriki kwa miligramu 400 kwa siku, na mwanamke mjamzito asizidishe 200.

Uchunguzi mwingi uliofanywa kwa watu wengi umeona kuwa wanywaji wa kahawa kwa kiasi hupatikana na maradhi ya sukari na ya ini kwa uchache kuliko wasioinywa. Uchunguzi wa namna hii hautoshi kuthibitisha kuwa kahawa ndiyo iliyowakinga, lakini watosha kuwanyamazisha wanaosema kuwa kahawa ni sumu. Tena iko faida ya ujamaa, kwani baraza ya kahawa imepatanisha waliogombana, na imemtoa upwekeni mtu mzee asiye na wa kusema naye.

Basi madhara mengi tutakayoyataja hayatoki katika jani la chai wala katika buni. Yatoka katika mazoea yetu: tunachokichanganya, na wakati tunaokunywa, na moto tunaonywea. Nayo ni manne.

(1) SUKARI

Hili ndilo kubwa lao, na kisa cha mzee wetu kimetutosheleza maelezo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kuwa sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mtu huipata kwa chakula cha siku, nayo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 50, yaani vijiko 12. Na lililo bora ni kupunguza mpaka nusu yake, yaani gramu 25, nazo ni vijiko sita. Vijiko sita kwa siku nzima! Na mmoja wetu humaliza vijiko sita kabla hajafungua duka lake.

Wala hapo hatujahesabu sukari iliyomo ndani ya mahamri, wala kashata, wala visheti, wala maji ya matunda. Maradhi ya sukari hayaingii kwa kishindo. Huja polepole, na mwenye nayo huweza kukaa miaka asijue, na huku macho yake na mafigo yake na mishipa ya miguu yake yaharibika. Hatusemi kuwa chai ya sukari peke yake ndiyo inayoleta maradhi haya, kwani uzito wa mwili na kukaa bila ya mazoezi na urithi wa wazazi vyote vina sehemu yake. Lakini sukari ya kunywa humzidishia mtu uzito bila ya kumshibisha, na hii ndiyo njia yake kubwa.

(2) KUNYWA PAMOJA NA CHAKULA

Madhara ya pili wengi hawayajui, na wanaodhurika zaidi ni wanawake na watoto. Damu yetu yahitaji madini ya chuma. Chuma hicho hupatikana katika nyama na samaki, na pia katika mbaazi, kunde, maharagwe na mboga za majani. Lakini chuma kinachotoka katika mimea ni kigumu kuingia mwilini, na ndani ya chai mna vitu vyenye ukali, vile vinavyokausha ulimi, ambavyo hukishika chuma hicho tumboni kikapita bila ya kufaidiwa. Chai ikinywewa pamoja na chakula cha namna hiyo huweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma chake. Na kahawa nayo huzuia, ijapokuwa kwa uchache kuliko chai.

Sasa tazama, ndugu msomaji, chakula chetu cha asubuhi tukipendacho: mbaazi za nazi, mahamri, na kikombe cha chai. Mbaazi zina chuma, na chai iko hapo hapo kukizuia. Mtu mwenye afya, anayekula nyama au samaki mara kwa mara, huenda asidhurike. Lakini mwanamke mjamzito, na msichana aliyebaleghe, na mtoto anayekua, na maskini ambaye nyama haioni illa siku ya karamu, hao ndio wanaopungukiwa na damu. Twawaona wake zetu wanapewa vidonge vya chuma hospitalini, kisha wanavimeza kwa kikombe cha chai, halafu twashangaa damu haiongezeki.

Dawa ya hili haina gharama. Chai na iakhirishwe kiasi cha saa moja baada ya chakula. Vidonge vya chuma vimezwe kwa maji. Na juu ya chakula ikamuliwe ndimu, au liliwe chungwa au embe, kwani matunda haya hukisaidia chuma kuingia mwilini. Tena mjamzito na azipunguze kahawa na chai zenyewe, kwani mwili wake huchukua muda mrefu zaidi kuitoa kafeini, na kuzidisha kwake kumehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Na katika mlango huu liko jambo linalotuhuzunisha zaidi kuliko yote, nalo ni chai ya mtoto mchanga. Katika nyumba nyingi mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hutiwa mkate ndani ya chai akalishwa, ikasemwa kuwa amekula. Hakula. Amejazwa maji matamu, tumbo limetulia, na kilio kimenyamaza. Lakini mwili haukupata cha kuujenga. Shirika la Afya Duniani lawakataza watoto wadogo chai na kahawa kwa sababu hii. Sukari iliyotumika kwa chai yake ingetosha kumnunulia yai, au maziwa, au dagaa. Mtoto huyo ni amana, wala hawezi kusema, "Nimeshiba lakini nina njaa."

(3) KUNYWA USIKU

Kahawa ilianza kwa watu waliotaka kukesha wamwabudu Mola wao. Sisi twaitumia kukesha, kisha tukailalia alfajiri. Huku ni kuigeuza njia juu chini.

Kafeini haitoki mwilini kwa haraka. Kwa watu wengi huchukua kiasi cha saa tano mpaka ipungue nusu. Basi aliyekunywa vikombe vyake barazani saa tatu za usiku, ifikapo saa nane nusu ya kafeini hiyo ingalimo mwilini mwake. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Mtu huyu hulala akachelewa, na usingizi wake huwa mwepesi, na mwadhini wa alfajiri humkuta ndipo kwanza anaanza kuzama. Ama aipitwe na sala, ama aamke mzito, akatafuta chai nyingi ya kumzindua. Na chai hiyo ya mchana ikamfungulia njia ya kahawa ya usiku. Huu ni mzunguko usio mwisho, na mwanzo wake ni kikombe kimoja cha wakati usiofaa.

Hatuwaambii watu wavunje baraza zao. Twasema kahawa ya baraza na inywewe alasiri. Na baada ya isha, mwenye kutaka kinywaji cha moto na achemshe tangawizi, au mdalasini, au mchaichai, usio na jani la chai ndani yake. Hivi havina kafeini, na mazungumzo ni yale yale.

(4) KUNYWA KWA MOTO MKALI

La nne ni moto. Wako kwetu wanaojisifu kuwa hawaijui chai illa ile inayotoka jikoni ikitokota. Mwaka 2016 wakala wa uchunguzi wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani ulitoa rai yake kuwa kinywaji cho chote cha moto mkali, unaozidi digrii 65 za Selsiasi, yamkini husababisha saratani ya umio, yaani njia ipitayo chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Na kahawa yenyewe, wakala huo haukuona ushahidi wa kutosha wa kuitia makosani. Kosa ni la moto. Saratani hii ni katika saratani zinazowapata watu wengi katika Kenya yetu, ingawa ina sababu nyengine pia, kama tumbaku na ulevi.

Basi na tungojee. Dakika chache tu zatosha. Na katika adabu alizotufundisha Mtume (S.A.W.) ni kuwa mtu asipulize ndani ya kinywaji chake. Asiyepuliza hana budi kungoja mpaka kipoe. Tazama jinsi adabu ndogo ilivyobeba salama kubwa ndani yake.

Na hapa twaongeza neno moja kwa wenye maradhi ya moyo. Kahawa yetu ya kuchemshwa deleni, isiyochujwa kwa karatasi, hubaki na mafuta yake, na mafuta hayo huzidisha kolesteroli katika damu kwa mwenye kuinywa kwa wingi. Vikombe viwili vitatu vidogo si jambo la kuogopesha. Lakini mwenye kunywa kumi na tano na ajihadhari.

KICHWA CHA RAMADHANI

Kila mwaka, siku za mwanzo za Ramadhani, twawasikia watu wakilalamika kuwa saumu yawaumiza kichwa. Wengine hufika hadi ya kukasirika na watu wa nyumbani, na kusema kuwa saumu ndiyo iliyowakasirisha. Saumu inasingiziwa. Mwili uliozoea kafeini kila siku, ukiikosa, huanza kuuma kichwa baada ya saa 12 mpaka 24, na uchovu na hasira vikafuatana nacho. Na huweza kudumu siku mbili mpaka tisa.

Kwa hivyo mwenye akili hujitayarisha katika mwezi wa Shaabani. Aliyezoea vikombe sita na ashuke vitano, kisha vinne, kila baada ya siku tatu au nne, mpaka abakie na kimoja au viwili. Ataingia Ramadhani na kichwa chake kitulivu, na ulimi wake ukiwa katika kusoma Qur'ani badala ya kunung'unika.

JAWABU KWA WANAOPINGA

Wako watakaosema, "Wazee wetu walikunywa kahawa wakaishi miaka themanini." Twajibu: Ni kweli baadhi yao waliishi hivyo. Lakini walikunywa nini? Walikunywa kahawa chungu, kikombe kidogo, kwa tende moja au kipande cha kashata. Walikwenda kwa miguu sokoni, msikitini na shamba. Leo sisi twakunywa chai tamu kwa vikombe vikubwa, na masafa ya kutoka mtaa mmoja hadi wa pili twayapanda tuktuk. Ukitaka kuwafuata wazee, wafuate katika yote, usichague kikombe ukaacha mwendo.

Na wako watakaosema, "Mgeni akipewa chai isiyo na sukari atasema nimemfanyia ubakhili." Hili ni neno zito zaidi, kwani lagusa heshima. Lakini ukarimu ni kumpa mgeni kinachomfaa. Mgeni wako huenda ni mgonjwa wa sukari, naye anaona haya kukuambia. Akainywa chai yako kwa kukuheshimu, akaenda kuugua kwake. Hapo wewe umemkirimu au umemdhuru? Na msingi mmoja mkubwa katika sharia yetu ni kuwa madhara huondolewa, hata yakiwa yamekuja kwa mkono wa wema.

TULIYOAFIKIANA

Mwenye kuhimiza watu na aanze na nafsi yake. Kwa hivyo sisi wa darasa hii tuliafikiana juu ya mambo haya, nasi twayaweka mbele ya ndugu zetu wayapime:

Kwanza, chai ya darasa na ipikwe bila ya sukari, na sukari iwekwe mbali ndani ya kopo na kijiko chake, kila mtu atie kwa mkono wake huku akihesabu. Twaona kuwa hili peke yake, likifanywa katika majumba yetu na katika harusi zetu, litafaa kuliko hotuba nyingi. Mtu hujua anachokitia, hajui alichotiliwa.

Pili, kila mtu apunguze nusu kijiko kila juma. Mwenye kutia vijiko vitatu, baada ya majuma manne atakuwa amefika kimoja, na ulimi utakuwa umezoea bila ya kuteseka. Iliki na tangawizi zitaisaidia ladha.

Tatu, chai isiandamane na chakula, hasa kwa wake zetu na watoto wetu. Na mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe kabisa.

Nne, baada ya sala ya isha hapana kahawa katika darasa yetu. Atakayetaka na aje kabla ya magharibi.

Ama mzee wetu, yeye ameanza kufuata maneno ya daktari wake, na huyo ndiye wa kumwambia zaidi kuliko sisi. Chai yake sasa ni ya kijiko kimoja, na amekusudia kukiacha hicho nacho. Juzi alasiri alipita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na mzee akamwita. Akapokea kikombe kidogo cha kahawa chungu, akakiweka chini mpaka kikapoa, kisha akakinywa polepole bila ya kashata. Kijana aliyemhesabia alimwuliza, "Ami, si chungu?" Akajibu, "Ni chungu. Lakini hii naijua iliyomo ndani yake."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudu, na atujaalie tuwe wenye kutumia neema zake kwa kiasi. Wa billahi tawfiq.